Naomba ushauri: mtoto alizaliwa na uzito mdogo, sasa hesabu zinamshinda

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, yuko darasa la pili. Alizaliwa kabla ya wakati akiwa na gramu 1,400, wakati mtoto wa chini ya 2,500 tayari huhesabiwa kuwa na uzito mdogo. Kukaa, kutembea na kuongea alichelewa kidogo tu, tukaamini yamekwisha.

Kusoma anasoma vizuri, na hadithi anazisimulia mpaka unacheka. Shida ni hesabu. Kujumlisha kwa kichwa kunamshinda, maelekezo ya hatua mbili tatu anayasahau njiani, na mwandiko unapanda na kushuka nje ya mstari. Mwalimu anasema ni uvivu. Mimi sikubali, maana nimesoma kwamba watoto waliozaliwa chini ya gramu 1,500 wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shida hizihizi za hesabu, umakini na kazi za mikono, hata wenye akili ya kawaida kabisa. Najua wengi wao huendelea vizuri, ila huyu namwona anavyohangaika.

Wazazi mliopitia haya, na walimu pia, nianzie wapi? Daktari wa watoto au mwanasaikolojia? Macho na masikio yapimwe kwanza? Na mwalimu nimweleze vipi historia yake bila mtoto kubandikwa jina? Bibi yake anataka arudie darasa (bibi huyo hapingwi kirahisi), mimi naona atavunjika moyo tu. Nyie mngefanyaje?