Mjadala: Ruzuku za sanaa za jamii zifutwe ili hela isomeshe zimamoto? Mimi nakataa, nipingeni kwa hoja

MLETA MADA

Wakuu habari zenu. Kuna hoja huwa naisikia kila hela ya umma ikipungua, na juzi nimekutana nayo tena kwenye kikao cha mfuko mmoja ambako nilialikwa kama mwanakikundi cha maigizo. Eti kwa kuwa mfuko ni mdogo, ruzuku za vikundi vya sanaa zifutwe zote na hela iende kusomesha vijana zimamoto na uokoaji, maana nyumba ikiwaka hakuna mtu atakayepiga simu kuita waigizaji. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza, jibu halikunijia pale pale, nimelala nalo siku kadhaa na sasa nalileta hapa.

Kwanza nisieleweke vibaya. Mdogo wangu ni mzima moto, na niliona alivyosomea. Ile kazi huwezi kumfundisha mtu kwenye daftari. Inabidi avae zile nguo nzito, abebe mtungi wa hewa mgongoni, atambae kwenye jengo la mazoezi lililowashwa moto kweli huku mkufunzi yuko pembeni yake na timu nyingine imesimama nje na mpira wenye maji tayari kwa lolote. Anafundishwa kuusoma moshi, rangi yake, unavyosukumana mlangoni, kwa sababu chumba kikishafika joto la kama nyuzi 500 au 600 vitu vyote vilivyomo vinashika kwa mpigo mmoja na hapo kutoka ni bahati. Na hata akistaafu mzima hajamaliza, mwaka 2022 lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitishwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo anayesema hawa watu wafadhiliwe, tena vizuri, mimi niko upande wake.

Ninachokataa ni hilo neno "ili". Kata huku ILI uweke kule. Hiyo ahadi nani ameiona ikitimia?

Angalieni Marekani mwaka 2025. Mwezi wa tatu serikali ikasitisha masomo ya ana kwa ana kwenye chuo chao cha taifa cha zimamoto kilichopo Emmitsburg, Maryland, chuo ambacho kinapokea wazima moto kutoka kila kona ya nchi. Mwezi wa tano vikundi vingi vya sanaa vikaamka na barua pepe kutoka mfuko wa taifa wa sanaa, ule ulioanzishwa 1965, kwamba ruzuku zao zimefutwa. Sasa niambieni, katika hao wawili nani alikula cha mwenzake? Wote walikatwa. Sisi huku chini tunagombanishwa kama vile kuna kapu moja lenye vyumba viwili, wakati anayekata anaweza kukata vyote na hela ikaenda anakojua yeye.

Jambo la pili ndilo lililoninyima usingizi zaidi. Tarehe 2 Desemba 2016 kule Oakland, California, ghala moja lililoitwa Ghost Ship liliwaka usiku wakati wa tamasha la muziki, wakafa watu 36. Lile ghala lilikuwa makazi na karakana ya wasanii. Hakukuwa na vinyunyizio vya maji, ngazi ya kushukia kutoka juu ilikuwa imeundwaundwa kwa mbao za paleti, njia zimebanwa na fanicha na mapambo. Kwa nini watu walikuwa wanaishi na kufanyia sanaa mahali kama pale? Kwa sababu kodi za mjini ziliwashinda. Msanii ukimnyima hela haachi sanaa jamani, anahamia kwenye chumba cha bei rahisi kuliko vyote, na kile chumba ndicho mzima moto wako uliyemsomesha atakuja kuingia usiku wa manane.

Kwa hiyo swali langu: ni haki kuzishindanisha hizi hela mbili? Na kama kuna mtu anaona ni haki, aniambie mipaka iko wapi.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu umeandika kwa hisia na nimekuelewa ila naona kuna mahali unakwepa. Mfano wako wa Oakland unadai wakaguzi wa majengo, haudai ruzuku ya maigizo. Ile siku angekuwepo mkaguzi mmoja anayejua kazi yake na mwenye meno lile tamasha lisingefanyika, basi. Kwa hiyo hata kwa mfano wako mwenyewe hela inarudi zimamoto.

Halafu kuna jambo hamlisemi nyie wasanii. Kikundi cha sanaa kinaweza kuuza tiketi, kinaweza kutafuta mdhamini aweke jina lake kwenye bango, kinaweza kuchangisha mashabiki wake. Mzima moto atauza nini? Hawezi kukata tiketi mlangoni kwa mtu ambaye nyumba yake inateketea. Ndiyo maana hela ya umma inatakiwa ianzie pale ambapo soko haliwezi kufika. Mchoro wa ukutani ukichelewa mwaka mmoja ukuta bado upo. Mimi siichukii sanaa, mke wangu anaimba kwaya, lakini nikiwekewa mezani ufadhili wa mafunzo kwa kijana mmoja na ruzuku ya tamasha moja mkono wangu hautatetemeka.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba niongee kama mtu aliyepitia huo ufadhili mnaougombania. Mimi ni mwanamke, nilisomeshwa zimamoto kwa skolashipu miaka kadhaa iliyopita, chuo sitakitaja. Ada ililipwa yote, hapo nashukuru. Lakini skolashipu haikuwa na nauli, haikuwa na pango, haikuwa na hela ya mtoto wangu kuangaliwa wakati niko mazoezini kuanzia alfajiri, na buti nilizopewa zilikuwa za kiume saizi mbili juu nikawa najaza soksi. Tulianza wengi, walioacha njiani hawakuacha kwa sababu masomo ni magumu, waliacha kwa sababu ya vitu kama hivyo ambavyo mfadhili anaviona vidogo.

Na tukimaliza? Baadhi ya wenzangu niliosoma nao mpaka leo hawajashika mpira wa maji kikazi kwa sababu nafasi za ajira hazikuongezeka. Cheti kinakaa kabatini na ujuzi unachakaa, hii kazi usiporudia mazoezi mwili unasahau. Kwa hiyo kaka hapo juu unaposema mkono wako hautatetemeka, mimi nakuuliza, huyo kijana unayemsomesha unampeleka wapi baadaye? Kituo kina mitungi ya hewa mingapi? Ukisomesha watu ishirini kituo kina mitungi minne hujaongeza wazima moto kumi na sita, umeongeza watazamaji.

Kuna nchi wamelipanga kivingine. Chile wazima moto wao ni wa kujitolea tangu kikosi cha kwanza kianze Valparaíso mwaka 1851, Ujerumani nako wengi mno ni watu wenye kazi zao wanaoitwa moto ukitokea. Na vikosi vya namna hiyo uhai wake ni kupendwa na jamii, bendi zao, sherehe zao, watoto wanaokua wakitamani kujiunga. Yaani hata hiyo hamasa ya kuvaa zile nguo inapandwa na vitu ambavyo nyie mnaviita sanaa. Mimi mwenyewe niliingia zimamoto baada ya kuona igizo shuleni la jinsi ya kutoka kwenye chumba chenye moshi, kutambaa chini, kugusa mlango kwa nyuma ya kiganja kabla hujaufungua. Nilikuwa na miaka tisa na sijasahau hata hatua moja, wakati vipeperushi nimeviona maelfu.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi niko sanaa na nitasema ambacho wenzangu hawatapenda. Ruzuku za sanaa nyingi zinakwenda kwa anayejua kuandika fomu, si kwa anayefanya kazi. Nimeshaona kikundi kinapata hela ya mradi wa miezi sita, kinanunua fulana, kinapiga picha, kinaandika ripoti nzuri, mwezi wa saba hakuna kitu. Halafu kikundi kingine kina mama mmoja anafundisha watoto ngoma kila Jumamosi miaka kumi hajawahi kupata senti kwa sababu hana akaunti ya kikundi wala hesabu zilizokaguliwa. Tukitaka watu waache kutupigia kelele tuanze kwa kusafisha hapo.

Kinachofanya kazi ni kile kinachokaa. Philadelphia walianza mpango wa michoro ya ukutani mwaka 1984 kama sehemu ya kupambana na uchoraji holela, badala ya kuwafukuza wale vijana wakawapa rangi na kuta halali, na mpango upo mpaka leo, zaidi ya miaka arobaini. Sasa hiyo huwezi kuipata kwa hela ya miezi sita. Kwa hiyo mimi nasema zikatwe zile ruzuku za picha na fulana, zibaki chache za miaka mingi, na hapo hela ikibaki ipelekwe hata huko zimamoto sina shida.

MLETA MADA

Asanteni sana, nimesoma yote. Dada wa zimamoto hilo la buti limeniuma, na limenifunza kwamba swali halikuwa sanaa au zimamoto, swali ni ufadhili umeandikwa vipi.

Nianze na ndugu wa kwanza kwa sababu ndiye aliyenibana vizuri. La wakaguzi nakubali nusu. Mkaguzi akija anakuta nyaya mbovu, mlango mmoja, anafunga jengo, sawa, amefanya kazi yake. Halafu? Siku chache tu baada ya Ghost Ship, Baltimore walifunga jengo la wasanii lililoitwa Bell Foundry na waliokuwa wakiishi humo wakatolewa. Ubovu ulikuwepo kweli. Lakini wale watu usiku ule walikwenda kulala wapi na kufanya kazi wapi? Ukaguzi usio na hela ya kurekebisha unawatoa watu kwenye jengo bovu unalolijua unawaingiza kwenye bovu usilolijua.

Na hili la kumbi si geni. Iroquois Theatre kule Chicago, 30 Desemba 1903, zaidi ya watu 600 walikufa kwenye onyesho la mchana, wengi wanawake na watoto, milango mingine imefungwa na mingine hawajui inavyofunguka. Klabu ya The Station kule Rhode Island mwaka 2003 watu 100, ukumbi wa Kiss kule Santa Maria, Brazil, mwaka 2013 watu 242, na hizi mbili zilianza karibu sawasawa, fataki za jukwaani zikashika sponji ya kuzuia sauti. Yule aliyekuwa na fataki mkononi ni msanii au mtu wa msanii! Angefundishwa? Nani amfundishe kama hela ya sanaa na ya zimamoto haziruhusiwi kukaa meza moja?

La tiketi sasa. Ndugu yangu sanaa inayouzika haiombi ruzuku ya jamii. Inayoomba ni ile ya watoto wa Jumamosi, ya wazee, ya walioko magerezani, ambako ukiweka tiketi mlangoni umewafukuza haohao uliowakusudia. Na wasidhani hela ya bure inamwagwa tu. Marekani ruzuku za miradi za ule mfuko wa taifa wa sanaa kwa kawaida zinadai kikundi kitafute kiasi kilekile, yaani ukipewa 100 uonyeshe 100 yako. Ule mpango wao wa kusaidia vikosi vya zimamoto, ulioanza kutoa ruzuku 2001, kikosi kinachohudumia watu 20,000 au pungufu kinaongeza 5 kwa kila 100, kikubwa zaidi 10, na kinachohudumia zaidi ya milioni kinaongeza 15. Sisemi wapandishiwe, 5 ni haki kabisa kwa kikosi cha kijijini. Nasema tayari msanii ndiye anayebebeshwa zaidi, halafu tunamwambia amedeka.

Ndugu wa tatu, la fulana nakubali lote, sina la kuongeza.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hapo kwenye fataki umenishika, sikuwahi kuliangalia hivyo. Ila bado hujajibu swali langu mkuu. Hela imebaki ya kitu kimoja. Kimoja tu. Unampa nani?

MLETA MADA

Nampa mzima moto. Nimelijibu bila kuzunguka. Lakini kabla sijatoa nataka nioneshwe kwamba kweli imebaki ya kimoja, maana kwenye kile kikao hakuna aliyetuonyesha hesabu, tuliambiwa tu ni ndogo. Na huyo mzima moto apewe na nauli, na pango, na buti za saizi yake, na kituo cha kumpokea kiwe kimetajwa kwenye barua ya ufadhili.

Kikao kinarudi baada ya wiki mbili. Nataka niende na pendekezo limeandikwa: kila ruzuku ya sanaa iwe na fungu la nyaya, milango na vizimia moto la ukumbi wanaotumia, fungu ambalo haliruhusiwi kuhamishwa, na wazima moto waliosomeshwa wasio na ajira walipwe kutoka humo kuja kukagua na kufundisha vikundi. Dada wa zimamoto, kwa siku moja ya ukumbi mmoja mdogo unahitaji watu wangapi na vifaa gani? Na ndugu wa tatu, hicho kipengele tukiandikeje ili yule mama wa Jumamosi asiye na akaunti asishindwe tena kwenye fomu? Niandikieni hapahapa, nitayasoma pale kama mlivyoyaandika.