Mjadala: Tiba ya saikodainamiki ihukumiwe kwa makosa ya Freud au kwa hali ya wagonjwa wake?

Wadau, naweka hoja hii mezani kwa sababu kila inapoguswa, watu hugawanyika pande mbili: wa kumkejeli Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchanganuzi nafsi (tiba ya kuchimbua kwa mazungumzo yaliyofichika akilini), na wa kumtetea kwa kila neno alilowahi kuandika. Mgonjwa husahauliwa.

Swali ni hili. Mkabala wa saikodainamiki, uliochipuka kwenye kazi ya Freud, unasema kwamba sehemu kubwa ya hisia na mienendo yetu husukumwa na mambo tusiyoyatambua, na kwamba mengi ya hayo yana mizizi utotoni. Je, uendelee kufundishwa kwa wanasaikolojia na washauri nasaha na kulipiwa kama tiba, au uachiwe wanahistoria?

Mimi nasema ubaki. Ila ubaki kwa masharti, na najua baadhi ya masharti hayo yatawaudhi wanaoutetea.

Wanaotaka ufutwe wana hoja nzito, tusizipuuze. Mwanafalsafa Karl Popper alilalamika kwamba nadharia ya Freud haina namna ya kushindwa. Mgonjwa akiikubali tafsiri ya mtaalamu, tafsiri ni sahihi. Akiikataa, anaambiwa nafsi yake inajilinda, na tafsiri inabaki kuwa sahihi. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck akatoa takwimu: waliotibiwa kwa uchanganuzi nafsi waliopata nafuu walikuwa asilimia 44, ilhali waliohudumiwa na madaktari wa kawaida tu, bila tiba hiyo, walifikia asilimia 72. Takwimu zile zilipingwa, tena kwa haki, kwa kuwa makundi yenyewe hayakufanana na waliokatisha tiba walihesabiwa kuwa hawakupona. Hata hivyo Eysenck aliuliza jambo ambalo wachanganuzi wengi wa zama zile hawakupenda kuulizwa: mnajuaje kwamba mnaponya?

Kukwepa swali hilo kuliumiza watu. Linaloniuma zaidi ni suala la usonji. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyefuata uchanganuzi nafsi, alichapisha kitabu kilichoeneza dai kwamba mtoto huwa na usonji kwa sababu ya ubaridi wa wazazi wake, hasa mama. Fikiria mama anayekesha na mtoto asiyezungumza, anayeumizwa na kelele, asiyetaka kukumbatiwa, kisha mtaalamu anamwambia kwamba chanzo ni yeye. Ushahidi haukuwepo. Tena miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1964, mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alikuwa ameshaandika kwa kirefu kwamba chanzo ni cha kibiolojia. Ufaransa, ambako wachanganuzi walishika huduma za watoto kwa miongo mingi, ilibidi ifike mwaka 2012 ndipo mamlaka ya afya ikatae kuupendekeza uchanganuzi nafsi kwa watoto hao, kwa kukosa ushahidi. Kwa miaka yote hiyo akina mama walibebeshwa hatia isiyo yao, na sijaona jinsi ya kuwalipa.

Kuna pia kesi ya Rafael Osheroff, daktari aliyelazwa mwaka 1979 katika hospitali ya Chestnut Lodge, Maryland, akiwa na sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa. Kwa takriban miezi saba alitibiwa kwa mazungumzo pasipo dawa za sonona, huku akidhoofu na kukonda. Alipohamishiwa hospitali nyingine na kupewa dawa, alipata nafuu na kuruhusiwa. Akashtaki, na shauri likaisha kwa makubaliano nje ya mahakama. Baada ya hapo imekuwa vigumu kwa daktari kusema kwamba nadharia anayoifuata inatosha kumnyima mgonjwa tiba iliyothibitishwa.

Sasa mtu ataniuliza: kwa madhambi hayo, unatetea nini?

Natetea kinachofanyika leo ndani ya chumba cha tiba, ambacho wengi wanaoupinga mkabala huu hawakijui. Mgonjwa na mtaalamu huketi kwenye viti, mara nyingi wakikutana mara moja kwa wiki, na wanatafuta mtindo unaojirudia katika maisha ya mgonjwa. Tuseme mtu alilelewa na baba aliyeadhibu kila kosa. Sasa ni mtu mzima, na kila akigusia hasira yake humwomba mtaalamu msamaha kabla hajamaliza sentensi. Huo ndio uhamisho wa hisia: mtaalamu amewekwa mahali pa baba bila mgonjwa kutambua. Jambo linatokea palepale, wote wawili wanaliona, na linaweza kuzungumzwa. Huhitaji kuamini habari za mtoto kumwonea wivu baba yake kwa ajili ya mama ili ulifanyie kazi.

Na tiba hii imeshapimwa. Mwaka 2013 ilichapishwa tafiti ya Uholanzi iliyogawa kwa bahati nasibu wagonjwa 341 wa sonona, wengine wapate vikao 16 vya tiba ya utambuzi na tabia (inayolenga kubadili mawazo na mienendo ya sasa), wengine vikao 16 vya saikodainamiki. Hapakuwa na tofauti ya maana: kwa wastani asilimia 22.7 tu ndio waliopona sonona kufikia mwisho wa tiba. Wanaosema tiba ya utambuzi na tabia ndiyo ya kisayansi na hii nyingine ni hekaya, wanijibu hapo. Na pande zote mbili zione jinsi namba yenyewe ilivyo ndogo.

Mwaka 2015 kliniki ya Tavistock, London, ikatoa matokeo ya wagonjwa 129 ambao matibabu ya awali yalikuwa yameshindwa. Nusu waliendelea na huduma ya kawaida. Wengine wakaongezewa miezi 18 ya tiba ya kichanganuzi. Tiba ilipokwisha, tofauti ilikuwa finyu. Miaka miwili baadaye, asilimia 44 ya waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na vigezo vya sonona kuu, dhidi ya asilimia 10 upande wa pili. Kasoro ipo: hawakulinganishwa na tiba nyingine ya urefu uleule, hivyo huwezi kuthibitisha kwamba kilichosaidia ni saikodainamiki yenyewe na si kusikilizwa kwa muda mrefu. Tafiti ya kujibu hilo ifanywe, tujue mbivu na mbichi.

Mkabala huu umezaa matunda kila ulipokubali kupimwa. John Bowlby alikuwa mchanganuzi, na wenzake walimtenga kwa kung'ang'ania kuwatazama watoto halisi badala ya kusubiri watu wazima wasimulie utoto wao. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth akaenda Uganda mwaka 1954, akakaa majumbani akiwaangalia akina mama na watoto wachanga, na kutoka huko ikakua elimu ya mshikamano wa mtoto na mlezi ambayo leo hakuna anayeiita hekaya. Hata Aaron Beck, mwasisi wa tiba ya utambuzi, alisomea uchanganuzi nafsi. Alitaka kuthibitisha kwamba sonona ni hasira iliyogeuziwa ndani, akachunguza ndoto za wagonjwa, akakuta hasara na kushindwa badala ya hasira. Akafuata ushahidi.

Ndiyo maana masharti yangu ni haya: hali ya mgonjwa ipimwe tangu mwanzo na kila baada ya muda, aelezwe njia nyingine zilizopo, tiba hii isichukue nafasi ya dawa penye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoleta njozi na imani potofu) au sonona kali, na mtaalamu asichimbe "kumbukumbu zilizofichika" kwa kumdokezea mgonjwa majibu. Asiyeweza haya asiitwe mtaalamu.

Linalobaki ni muda na gharama. Wapo wanaosema mtaalamu mmoja akimshika mgonjwa mmoja miezi 18, wengine wengi wanakosa nafasi. Ni kweli. Kwa maoni yangu wengi waanze na tiba fupi, na hii ndefu wapewe ambao zile fupi zimeshindwa kwao. Anayetaka ifutwe kabisa anijibu: mtu aliyeshatumia dawa za aina mbili, akamaliza tiba fupi, na bado hawezi kuamka kitandani, unamwelekeza wapi?