Sebule mpya kwa pauni 37: tufungue masanduku

Kutoka: dada wa Reading

Ndugu zangu, assalaam aleikum, na wengine wote habari zenu.

Jumapili ile ya Machi ambayo hapa Uingereza saa zilipelekwa mbele kwa saa moja, nilirudi kutoka kazini saa moja jioni nikakuta jua bado limo sebuleni. Tangu Oktoba tulikuwa tunaiona sebule hii kwa taa tu. Jua likanionyesha kila kitu: mapazia mazito ya kijivu yamejaa vumbi, sofa limesukumwa mpaka likagusa ukuta, kianikio cha nguo katikati, mablanketi manne yametupwa ovyo. Nilikaa na koti langu mwilini nikasikia uchungu. Hapa ndipo wanangu wanapofanyia kazi za shule, hapa ndipo ninapopokea wageni.

Kwetu Tanga nyumba ilikuwa inageuzwa Idi ikikaribia. Mapazia yanafuliwa au yanashonwa mapya, ukuta unapigwa chokaa, makochi yanahamishwa upande, na vile vitambaa vya kufuma vya kuweka mgongoni mwa makochi vinatiwa wanga na kupigwa pasi. Hela ilikuwa ya kitambaa basi, kazi nyingine yote ni mikono. Nikasema nitafanya vilevile hapa, na nisizidishe pauni 40. Nimemaliza na 37. Naandika kwa sababu watu watatu walioingia kwangu wiki hii wameniuliza nimenunua wapi, na jibu ni kwamba vingi sikununua.

Siku ya kwanza nilitoa tu. Mablanketi yakafuliwa yakaenda juu ya kabati, kianikio kikaenda chumbani karibu na dirisha, na sofa nikalivuta sentimita kumi kutoka ukuta wa nje. Nyuma yake nikakuta kuvu, madoa meusi upana wa sahani. Ukuta wa nje ni baridi, mvuke wa nguo na wa jikoni ukifika pale unageuka maji, na sofa limeziba hewa. Nilifuta kwa dawa ya kuvu, dirisha wazi, glavu mkononi. Dawa nyingi za kuvu zina jiki ndani, kwa hiyo msizichanganye na siki hata tone: inatoka gesi ya klorini, na inaumiza mapafu. Tangu siku hiyo nafungua dirisha dakika kumi kila asubuhi, hata kukiwa na baridi.

Halafu taa. Tulikuwa na balbu nyeupe kama ya duka la dawa. Tazameni namba kwenye boksi: 2700K ndiyo yenye rangi ya joto, kama taa ya zamani. Ukipanda mpaka 4000K na zaidi mwanga unakuwa mweupe mkali. Nilinunua mbili kwa pauni 5, moja ya dari na moja ya taa ya mezani. Angalieni pia kitako, B22 ni ile ya kusukuma na kuzungusha, E27 ni ya skrubu, na nyumba za hapa zina zote mbili.

Sasa masanduku. Juu ya kabati langu kuna sanduku ambalo sijalifungua vizuri tangu 2017. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ananisaidia, akatoa kanga moja baada ya nyingine, akaniuliza, "Mama, hizi ni za nani?" Nikashindwa kumjibu haraka. Nilikuwa nazitunza kwa ajili ya nyumba nitakayojenga, kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya siku nitakayorudi. Miaka inakwenda, na mtoto amekulia kwenye sebule ya kijivu huku rangi zote za kwao zimefungiwa juu ya kabati.

Doti moja nyekundu na nyeupe ilikuwa bado haijakatwa. Nikaikata katikati, nikapinda, nikaifua peke yake kwa maji baridi mpaka maji yakatoka meupe, kwa sababu nyekundu ya kanga inachuja. Dirisha langu lina upana wa sentimita 120 na chini yake kuna hita ya ukutani. Kanga ina upana wa kama sentimita 150 na urefu wa 110, kwa hiyo kanga moja kila upande inajikunja vizuri na inaishia juu ya hita. Pazia lisifunike hita, joto lote linapotelea dirishani. Nyuma ya kanga nimetia shuka jeupe la mtumba kutoka duka la chariti, pauni 3, kwa sababu jua la magharibi litaipausha kanga kabla ya Septemba. Fimbo ya kubana, ile isiyotaka tundu ukutani, na pete zenye vibanio: pauni 9. Jioni jua likipita mle, ukuta wote unakuwa na rangi ya waridi. Mwanangu wa kiume alikaa chini akautazama tu.

Kanga nyingine ilikuwa imechanika ukingoni, nikashona foronya tatu za mito ya sentimita 45. Hesabu yake: kata kanga vipande vitatu vya upana wa sentimita 48, kila kimoja kibaki na urefu wake wote wa 110. Pinda ncha mbili fupi, kunja zipandane nyuma kama bahasha, shona pembeni. Haihitaji zipu. Mito ya ndani mitatu, pauni 9. Kile kipande cha katikati kimepata jina zima, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", na huo ndio mto unaokaa mbele.

Mkeka wa ukili ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango tangu tuhamie. Nilipoanza kuukunjua nikasikia unalia, tah, tah, majani yamekauka kwa hita. Nikasimama papo hapo. Nikaufuta pande zote kwa kitambaa chenye unyevu, nikauacha usiku kucha umekunjwa kwa ulegevu, asubuhi ukafunguka bila kuvunjika. Ile harufu ya ukili ilipopanda nilifunga macho.

Kilichobaki ni kidogo: meza ndogo ya pauni 4 kutoka soko la Jumapili la kuuzia kwenye buti za magari, kulabu za kubandika za pauni 5, na mafungu mawili ya maua ya dafodili, pauni 2. Nunueni yakiwa bado yamefumba, yatafunguka siku ya pili, na msiyachanganye na maua mengine kwenye chombo kimoja kwa sababu utomvu wake unayanyausha.

Nyie mmefanyaje huko kwenu?

Kutoka: kaka wa Coventry

Dada, hongera, na asante kwa kuandika mpaka vipimo.

Naongeza jambo moja ambalo limenigharimu. Nyumba yangu ya kwanza hapa England nilipiga misumari sita sebuleni, nikatundika picha na saa ya ukutani. Nilipohama, mwenye nyumba alikata fedha kwenye dipoziti, ile amana niliyoweka wakati wa kuingia, kwa ukuta mzima, na mashimo mengine hayakuwa hata yangu. Sikuwa na picha hata moja ya siku niliyoingia. Nililipa kwa uchungu sana, maana hela ile ilikuwa ya kumtumia mama.

Kwa hiyo kabla hamjahamisha sofa, pigeni picha za kuta zote na zulia, mjitumie kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Dipoziti haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano tangu sheria ya 2019, kwa nyumba ambazo kodi ya mwaka iko chini ya pauni 50,000, na lazima iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30. Uchakavu wa kawaida si kosa lako. Kupaka rangi ni lazima uombe ruhusa kwa maandishi. Ukiruhusiwa, ulizia mtandao unaoitwa Community RePaint, wanagawa au wanauza kwa bei ndogo rangi zilizobaki kwa watu na makampuni. Kulabu za kubandika ukizitoa, vuta ule ulimi taratibu kuelekea chini ukiwa umelala na ukuta. Ukiuvuta kuja kwako, unaondoka na rangi.

Na kuhusu kuvu: ikirudi baada ya kufuta na kufungua madirisha, usiifunike kwa rangi wala kwa kanga. Mwandikie mwenye nyumba. Waliopangishwa na halmashauri au mashirika ya nyumba za jamii wana nguvu zaidi sasa, kwa ile sheria iliyopewa jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya kuvu nyumbani kwao. Tangu Oktoba 2025 mwenye nyumba wa namna hiyo akipewa taarifa ya unyevu au kuvu ya hatari ana siku kumi za kazi za kuja kuchunguza, na ikiwa ni dharura ni saa 24. Andikeni, msipige simu tu.

Kutoka: shangazi wa Leicester

Mwanangu wa Reading, nimesoma nikatabasamu, halafu nilipofika kwenye mkasi nikaumia kidogo. Niseme ukweli wangu. Kanga iliyochanika, sawa, kata. Lakini wako humu wenye kanga walizopewa na mama zao, na wengine mama hao hawapo tena. Hizo zisikatwe. Siku utakayozitaka za kujifunika, au za msiba, utaikuta imekuwa foronya.

Mimi mito yangu naifunga kama furushi. Tandaza kanga uso ukiwa chini. Weka mto juu ya lile jina. Kunja upande wa chini juu ya mto, kisha wa juu uje uufunike. Sasa umebaki na mikia miwili, kushoto na kulia, kila mmoja kama nusu mita. Ilete katikati, funga fundo moja, mikia ifiche ndani. Geuza. Mbele kumenyooka na jina linasomeka, nyuma kuna fundo. Ikichafuka unafungua, unafua, na kanga yako nzima iko palepale. Wageni wakija nabadilisha jina kulingana na anayekuja.

Na udi usisahauliwe baada ya usafi wote huo. Dirisha wazi, chetezo mbali na king'ora cha moshi, na asiwepo mtu wa kukifunika king'ora kile kwa mfuko. Nimeona watu wakifanya hivyo, ni hatari.

Kutoka: mdogo wenu, Sheffield

Shikamooni wakubwa. Nimefika Januari kwa masomo, chumba cha kukaa tunachoshiriki watu watatu hakina kitu, kuna viti viwili vya plastiki. Jirani ametoa sofa bure, ameliacha nje ya mlango wake na karatasi imeandikwa tuchukue. Tulibebe? Mkeka sina, kanga nina moja, ya mama.

Kutoka: dada wa Reading

Shangazi, shikamoo. Nimekusikia. Jana usiku nimejaribu furushi lako kwa kanga ya bibi, binti yangu ndiye aliyefunga fundo. Sitakata nyingine.

Mdogo wangu wa Sheffield, marahaba. Kabla hujagusa sofa fanya mambo haya leo hii mchana, si usiku. Muulize jirani limelala nje siku ngapi. Likishanyeshewa mvua liache. Chukua tochi ya simu, inua mito, pitisha mwanga kwenye mishono yote na chini kwenye mbao. Ukiona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu au maganda ya kahawia, ni kunguni, usilisogeze hata hatua moja. Halafu tafuta kibandiko cha usalama wa moto kilichoshonwa chini au ndani ya mto. Sofa lisilo nacho maduka ya chariti hayalipokei, kwa kanuni za 1988, na siku ukitaka kuliondoa utabaki nalo. Halmashauri nyingi zinatoza kulichukua. Na pima ngazi zenu na mlango kwanza! Mimi niliwahi kuacha kochi zuri kwenye kona ya ngazi ya pili, halikupanda wala halikushuka mpaka tulipolifungua miguu.

Likikataa, jiunge na Freegle au Freecycle ya mji wako, ile mitandao ya kupeana vitu bure, uandike unachohitaji, mwisho wa mwaka wa masomo wanafunzi wanaondoka wanaacha vitu vizima. Kwa sasa kanga ya mama itandike kwenye kile kiti kinachotazama mlango.

Kutoka: shangazi wa Leicester

Kijana wa Sheffield, nina mikeka miwili, mmoja ni wako. Mpwa wangu anakuja huko Jumamosi kwa gari na atauleta umefungwa kwa shuka. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuukunjua, kama dada yako alivyosema.

Na cherehani yangu iko mezani wikendi zote mbili zijazo. Mwenye doti isiyopindwa aje nayo, aje na uzi wa rangi yake.