Konokono mla nyama msitu wa Pugu: tumemwona akiwa hai, nifanye nini rekodi yake ikubalike?

Mwalimu wa Chanika

Habari zenu wadau. Nafundisha baiolojia sekondari huku Chanika, na masika huwa naingia msitu wa Pugu-Kazimzumbwi na vijana wa klabu ya mazingira. Kila mara tunakuta magamba matupu ya konokono wadogo kwenye majani yaliyooza, meupe, yamechakaa. Hai hatukuwahi kumwona.

Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mwanafunzi mmoja akageuza gogo bovu, akaniita kwa sauti ya chini. Gamba halikuzidi milimita saba, limesimama kama pipa, linang'aa mpaka mwili unaonekana ndani, na mwili wenyewe rangi ya chungwa. Kichwa chote kilikuwa kimezama kwenye mdomo wa gamba la konokono mwingine, yule bapa wa kahawia. Tukakaa kimya tukitazama. Alipojitoa, ndani ya lile gamba bapa hamkuwa na kitu.

Nimepiga picha kwa simu, gogo tumelirudisha lilivyokuwa. Sasa naomba msaada. Huyu ni nani? Nirudi nimchukue nimpeleke Makumbusho ya Taifa, au nimwache? Na nikimweka mtandaoni, nitaje mahali? Hapo jirani kuna njia ya wachoma mkaa, na roho haijatulia tangu niione.

Mama Magamba

Mwalimu, hongera sana, na huyo mtoto mpe hongera zake. Nimeshughulika na makusanyo ya magamba kwa miaka mingi. Kinachokosekana mle kabatini ndicho hicho mlichokiona nyinyi: mnyama mzima, mahali pake, yuko kwenye chakula chake.

Kwa maelezo yako huyo ni wa jamii ya Streptaxidae, konokono wawindaji, na umbo hilo pamoja na rangi ya mwili vinanielekeza kwenye jenasi ya Gulella. Ila spishi za Gulella ni mamia, na Tanzania tumejaliwa nao hasa, kuanzia milima ya Tao la Mashariki mpaka misitu ya pwani. Wapo ambao nje ya msitu mmoja au miwili hawajulikani kabisa. Ndiyo maana picha ya mgongo haitoshi. Wajuzi huanza na mdomo wa gamba: ndani yake kuna meno, yaani vinundu vigumu vinavyoubana mlango, na kila spishi ina mpangilio wake. Piga picha mdomo ukikutazama, piga ubavu, kisha piga kutoka juu ili mizunguko ihesabike. Rula iwe pembeni. Flashi zima, maana gamba likimeta meno hayaonekani. Hata hivyo, zipo spishi zisizotenganishwa mpaka mtu apasue mwili wake, kwa hiyo usivunjike moyo ukijibiwa "Gulella" tu.

Kumchukua, hapana. Kukusanya kiumbe hifadhini kunataka kibali, na pengine hapo chini ya gogo wako wachache tu. Lakini hayo magamba matupu usiyadharau. Gamba ambalo bado linang'aa, mwenyewe kafa juzijuzi. Lililopauka linaweza kuwa limekaa hapo siku nyingi mno, na kwa rekodi za namna hiyo hakuna awezaye kusema spishi bado ipo. Ya kwenu ni ya aliye hai, na hapo ndipo uzito wake ulipo.

Mkulima Msongola

Samahani mama, nami niulize. Konokono mimi nawajua kwa hasara. Wanamaliza mchicha, wanakata miche ya mipapai, nawamwagia chumvi. Hawa mnaowalinda si ndio haohao?

Mama Magamba

Sio hao, kaka yangu. Wa bustanini kwako ni konokono mkubwa, Lissachatina fulica, mla majani. Kwao ni hukuhuku Afrika Mashariki, ila watu wamemsambaza hadi Asia na visiwa vya Pasifiki. Hawaii alifika 1936, na alipowashinda wakaja kutafuta wawindaji kwetu. Gonaxis kibweziensis, binamu wa huyu wa mwalimu, aliyepewa jina la Kibwezi ya Kenya, aliachiliwa kule mwaka 1952. Mwaka 1955 wakaongeza Euglandina rosea kutoka Marekani, na huyo ndiye aliyeleta msiba: akawageukia konokono wadogo wa asili wa visiwa. Alipopelekwa Polinesia ya Kifaransa, spishi nyingi za Partula, konokono wadogo wa miti wa visiwa vile, zikafutika kabisa. Linaniuma kila nikilisimulia.

Kwa hiyo ukikuta bustanini kadogo, kembamba, kenye mwili wa chungwa au njano, kaache. Hakana haja na mchicha wako. Wale wakubwa waokote kwa mkono usiku mvua ikikatika, na chumvi usiimwage kwenye tuta, udongo utaharibika.

Kijana wa Minaki

Mwalimu, kuhusu mahali: ukipandisha iNaturalist, ule mtandao wa kuweka picha za viumbe, chagua kuficha eneo. Ramani itaonyesha mraba mpana wa kilomita zipatazo 20 kila upande, nukta yenyewe unabaki nayo wewe. Kuna watu wanauza magamba mtandaoni, usiwape ramani.

Mama Magamba

Uko sahihi mwanangu, kwa umma tufiche. Lakini TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, wapewe nukta kamili, tena kwa maandishi. Konokono wa milimita saba hatishiwi sana na mkusanyaji. Anatishiwa na tanuri la mkaa, maana kivuli kikiondoka majani yanakauka, na yeye hawezi kuhamia msitu mwingine. Mnamkumbuka chura wa Kihansi? Aligunduliwa 1996, na 2009 akatangazwa kuwa porini hayupo tena. Amerudishwa kwao kwa sababu wataalamu walijua hasa alipo, wakawahi kuwapeleka baadhi Marekani mwaka 2000 wakazalishwa. Kumficha kwa kila mtu kungetuachia picha tu.

Mwalimu wa Chanika

Shikamoo mama, na asanteni wote. Nimeikuza picha moja ambayo mdomo umegeuka kidogo: naona jino moja kubwa juu, karibu na kona, na kitu kama vingine viwili upande wa nje, ila vimefifia. Barua ya TFS naiandika leo, nitaiambatanisha na picha ya ile njia ya mkaa. Jumamosi tunarudi kuomba ruhusa kwanza ofisini Kisarawe. Kuna mwenye lenzi ya kupigia vitu vidogo anayeweza kuungana nasi? Tunakutana stendi ya Chanika saa 12 asubuhi, nauli yake nalipa mimi.

Kijana wa Minaki

Ninayo, ya kubana kwenye simu. Nakuja.

Mama Magamba

Hilo jino la kona ndilo nililokuwa nalisubiri. Mkimpata tena mpigeni picha hapohapo alipo bila kumshika, na mwandike alikuwa anakula nani. Yule bapa wa kahawia naye mpigeni picha. Hakuna aliyemtaja, na yeye pia huenda ni wa msitu huohuo tu.