Mliokaa Tamil Nadu: yule mtu wa kingoma cha alfajiri alisema nini mlangoni kwetu?

Mtangata:
Salaam wakuu. Hili jambo nimekaa nalo miaka, juzi limenirudia usingizini, nikaona bora niwaulize mliosoma au kuishi kule.

2018 nilimpeleka mama Vellore, mji wa Tamil Nadu kusini mwa India, kufanyiwa upasuaji wa moyo. Tulikaa wiki 11. Tulipanga chumba mtaa wa nyuma ya Gandhi Road, kule kulikojaa wagonjwa na jamaa zao, wengi Wabengali, hata vibao vya maduka vimeandikwa Kibengali. Mwenye nyumba alikuwa ajuza mjane. Tulimwita Paatti, yaani bibi, kama alivyomwita mjukuu wake. Kiingereza hajui, Kitamil sijui. Mjukuu ndiye aliyekuwa mkalimani, akitoka chuo.

Mama alipolazwa nikawa nampikia wali na kuku, nampelekea jioni. Siku ya kwanza natoka na kikapu, Paatti kanisimamisha mlangoni, kaingia jikoni kwake, karudi na kipande cha mkaa. Kakiweka juu ya hotipoti, kanipungia mkono niende. Nikajua bibi wa watu kachanganyikiwa. Usiku mjukuu akaniambia: nyama iliyopikwa ikipita njiani magharibi, pey hufuata harufu yake. Mkaa unamzuia. Nilicheka moyoni: sisi tuna pepo, wao wana pey. Ila kesho yake nilipita na mkaa wangu, na keshokutwa. Siku Paatti aliposafiri nilijikuta nautafuta mwenyewe jikoni.

Sasa swali lenyewe. Usiku mmoja, mama karuhusiwa siku 4 nyuma, saa kumi alfajiri nasikia kingoma kidogo, gudugudu-gudugudu, haraka haraka, kinakuja kutoka mwisho wa mtaa. Mbwa wote kimya, na Vellore mbwa hawanyamazi. Kikasimama mlangoni kwetu. Sauti ya mwanamume ikaanza kama anaimba, kama analaumu. Nilichungulia dirishani: kilemba, koti kuukuu, shuka begani. Akageuka akanitazama. Wakuu, nilirudi kitandani nikajifunika gubigubi, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilishika maneno mawili matatu: "nalla kaalam", "Jakkamma", halafu mwishoni "saavu", kalirudia. Asubuhi Paatti kauliza kama nilichungulia. Nikasema ndiyo. Kashika kichwa. Nilipomtaka mjukuu anitafsirie lile neno la mwisho, Paatti alimkatiza kwa ukali na mazungumzo yakaishia hapo.

Alisema nini?

Bahari Chafu:
Mkuu ulifuata matibabu au ulifuata majini? Ungekwenda Pemba tu, nauli ya boti.

Akka wa Trichy:
Pole kaka Mtangata. Nilisoma uuguzi Tiruchirappalli miaka 4, huyo mtu namjua vizuri. Si pey, ni binadamu kama wewe. Wanamwita gudugudupaikaran, kwa jina la hicho kingoma: kina kamba yenye fundo, akikitikisa fundo linapiga huku na huku. Ni mtabiri. "Nalla kaalam porakkudhu" ni wakati mwema unazaliwa, ndiyo salamu yao. Jakkamma ni mungu wao wa kike, maneno yote anayasema yeye, wao vinywa tu. Watu wanaamini kabla ya kuja mitaani wamepita makaburini na kwenye viwanja vya kuchomea maiti, wamefuatana na vya huko, ndiyo maana hawataki umtazame. Asubuhi hurudi mchana kweupe kudai mchele, nguo kuukuu au hela.

Saavu ni kifo.

Usishtuke. Akisema neno baya alfajiri, mchana anarudi na hirizi, wanaiita thayathu. Na huo mtaa wako, kila chumba kina mgonjwa wa moyo au wa figo. Mtu akitabiri kifo hapo atakosea vipi?

Ila sitaki kuwacheka. Mwaka wa pili mwenzangu wa bweni alinialika kijijini kwao. Dada yake alikuwa bibi harusi wa miezi 3, hali chakula, hasemi na mume, mchana wa jua kali anatoka kwenda kukaa peke yake. Wakasema kashikwa na pey wa kijana aliyejinyonga. Kule pey wengi ni hao, waliokufa kabla ya siku yao na hamu zao hazijaisha, na wanapenda maharusi: manukato, maua ya asumini kichwani. Mimi nimesomea wodi, nilijua ninachokiona kina jina hospitali.

Wakaja wapiga ngoma. Ile ya mkono, udukkai, inalia kama mtu anayeguna. Wakampiga piga kwa majani ya mwarobaini, si kumuumiza, kama kumfagia. Mganga akawa anauliza jambo moja tu: wewe nani? Saa nzima. Binti akazungusha kichwa nywele zikafumuka, mwisho akataja jina kwa sauti nzito. Ukumbi wote ukaguna, maana walimjua huyo kijana. Wakajadiliana naye kama dalali: utaondoka kwa nini? Akataka kuku. Akapewa. Wakakata kishungi cha nywele zake, wakaenda kukigongomelea kwa msumari kwenye mkwaju nje ya kijiji. Mikwaju yao ni kama mibuyu yetu, usiku hulali chini yake.

Mkwaju ule niliuona kesho yake. Misumari haihesabiki, mingine gome limeshaimeza na vinywele vinaning'inia. Ndicho kilichonitisha kuliko ngoma. Wasichana wote wale.

Alikula jioni ile ile. Baadaye niliambiwa amerudi kwa mumewe. Kama alikuwa anampenda, hakuna aliyemuuliza, pey ndiye aliyeulizwa.

Mjukuu wa Kwale:
Dada Akka umeeleza vizuri, lakini vijana wasidhani ni ngoma na kuku tu. Wapo Waislamu, Wahindu na Wakristo, wote wana pa kupeleka wagonjwa wao. Nilifika dargah ya Ervadi, yaani kaburi la walii, huko Ramanathapuram. Watu wanakaa hapo wiki na miezi wakingoja ndoto ya kuwaambia wamepona. Agosti 2001 nyumba moja ya kutunzia wagonjwa wa akili pale Ervadi iliwaka moto alfajiri, wakafa 28. Walikuwa wamefungwa minyororo. Kwa hiyo mtu akisema "kashikwa", mimi kwanza naangalia miguu yake iko huru au la.

Bahari Chafu:
Duh. Nafuta utani wangu.

Mtangata:
Ahsante sana dada Akka. Kumbe hukukosea hata hirizi.

Mzee mmoja Mbengali chumba cha tatu alifariki siku 9 baadaye. Sikulitaja kwa sababu nilijua mtasema ndiyo hiyo saavu. Figo zake zilikuwa zimekwisha tangu tunafika.

Baada ya kukusoma nimempigia mama simu Tanga kumuuliza ule uzi mweusi wenye kikopo cha shaba aliorudi nao mkononi. Siku zote nilidhani ni zawadi ya Paatti. Kumbe yule mtu alirudi saa nne asubuhi nimekwenda duka la dawa, mama akaununua mwenyewe, rupia 200, kwa ishara za vidole. Uko kwenye nguzo ya kitanda chake hadi leo.

Nikamwambia, mama, hata wewe? Mswalihina kama wewe?

Akasema: "Na wewe ule mkaa uliokuwa unaniletea kila jioni ulikuwa wa kuchomea nini?"