Mjumbe hauawi. Na aliyeua kwa kutumwa?

Mleta mada

Wakuu, "mjumbe hauawi" tumeuvuta mpaka umechanika. Msemo huu ulimkinga aliyebeba barua. Siku hizi anajikinga nao hata aliyebeba bunduki.

Msimamo wangu: aliyetekeleza amri ya kuumiza watu ahukumiwe kwa alichofanya, habari za nani alimtuma zifuate baadaye. Mahakama ya Rwanda iliyokaa pale Arusha ilikuwa na kifungu cha 6(4): amri ya mkubwa haimfutii mtu kosa, ila majaji wanaweza kumpunguzia adhabu. Mimi hata huko kupunguziwa nakutilia shaka.

Najua mtaniletea Milgram. Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Stanley Milgram aliwaita wanaume wa kawaida tu, akawalipa dola 4 na nauli. Kazi: mpige shoti ya umeme mwenzako wa chumba cha pili kila akikosea jibu. Swichi 30, volti 15 hadi 450. Shoti zilikuwa za uongo na huyo mwenzake alikuwa amepangwa, lakini mpigaji hakujua. Kati ya watu 40, 26 walifika swichi ya mwisho.

Kila mtu anasimulia hao 26. Mimi nawauliza nyinyi habari za wale 14. Walisikia maneno yale yale, kutoka kwa bwana yule yule mwenye koti la maabara, wakaacha. Hakuna aliyeshikiwa bunduki.

Mchangiaji wa kwanza

Umejimaliza mwenyewe mkuu: "hakuna aliyeshikiwa bunduki". Ikiwepo je?

Dražen Erdemović, askari wa jeshi la Waserbia wa Bosnia, umri miaka 23. Julai 1995, baada ya Srebrenica, mji wa Waislamu wa Bosnia, kuanguka mikononi mwa jeshi hilo, kikosi chake kinapelekwa kwenye shamba la Branjevo, mabasi yanaanza kushusha wanaume waliofungwa. Akakataa. Akaambiwa kama anawahurumia asimame nao kwenye mstari, apigwe risasi pamoja nao. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Akapiga. Kwa makadirio yake siku hiyo waliuawa watu 1,200 hivi, na yeye mwenyewe kama 70.

Habari hizi tunazijua kwa sababu alikiri mwenyewe. Kule The Hague, kwenye mahakama ya kimataifa ya iliyokuwa Yugoslavia, alipewa miaka 10, akakata rufaa, mwaka 1998 ikawa 5. Hata majaji wa rufaa waligawanyika, watatu kwa wawili, kama vitisho vya kuuawa vinaweza kumwondolea mtu hatia ya kuua wasio na kosa. Watatu walisema haviwezi. Wewe uko nyumbani na chai yako unaona ni rahisi.

Mchangiaji wa pili

Nyinyi mko vitani, mimi niko wodini. Nikiwa mgeni kazini daktari alinipigia simu usiku, akataja dozi niliyojua ni kubwa mno. Nilishaivuta kwenye sindano. Kilichoniokoa ni mama mmoja mzee wa zamu aliyeuliza tu, "Hiyo yote ni ya nani?"

Baadaye nilisoma kwamba Wamarekani walishalijaribu hili, wakachapisha matokeo mwaka 1966. Daktari asiyejulikana anapiga simu, anaagiza miligramu 20, boksi la dawa limeandikwa mwisho 10 kwa siku. Wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa njiani kwenda kumpa mgonjwa kabla hawajazuiwa. Kaka mleta mada, hao wote ndani?

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada hajawahi kuwa na bosi. Tuendelee.

Mleta mada

Bosi ninaye, na ananisumbua kweli kweli.

Dada, wewe sikufungi, ila huyo mama wa zamu nimemkumbuka mahali. Milgram alirudia jaribio lake akiweka wapigaji wengine wawili pembeni, ambao kwa siri walikuwa watu wake, wanaokataa katikati ya kazi. Safari hii waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Bwana wa koti ni yule yule, swichi ni zile zile. Kilichoongezeka ni watu wawili waliosema "mimi basi".

Na mkuu wa kwanza, habari ya Erdemović umeikatisha. Alasiri hiyo hiyo waliletewa amri nyingine: kuna wanaume wapatao 500 wamefungiwa kwenye jengo la utamaduni kijijini Pilica, nendeni mkawamalize. Erdemović akakataa, na wenzake kadhaa wakamuunga mkono. Hawakupigwa risasi. Walienda kukaa kwenye mkahawa ng'ambo ya barabara huku wengine wakiifanya kazi ile. Kwa hiyo iliwezekana.

Mchangiaji wa kwanza

Iliwezekana alasiri. Asubuhi alikataa peke yake, bunduki ikamgeukia. Hao kadhaa waliomuunga mkono baadaye unafikiri asubuhi walikuwa wapi? Walikuwa pale pale shambani, kwenye mstari mmoja naye, wanangoja basi linalofuata.

Sasa niambie, hiyo miaka 5 ilikuwa ya nani?