Naombeni ushauri: binti wa kaka yangu anataka kuingia sororiti chuoni, kuna fomu ya kusaini

Mluguru wa Ohio
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mama wa makamo, naishi Columbus, Ohio. Binti wa kaka yangu ameanza chuo mwezi uliopita, sasa kaja na habari za sororiti, vile vyama vya wasichana vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Siku ya kupokea wageni wanajipanga mlangoni, fulana sare, wanapiga makofi na kuimba mpaka mgeni unashtuka. Kaleta fomu. Wenye uzoefu, hivi vyama vina ubaya gani? Hakuna ufreemason humo? Matusi sitaki.

Kisu Butu
Viapo, siri, alama za vidole. Bado unauliza?

Mzee wa Buguruni
Kisu, acha kutisha watu. Kamala Harris ni AKA, yaani Alpha Kappa Alpha, sororiti ya Weusi, tangu akiwa Chuo Kikuu cha Howard, na chama hicho kimeanza 1908. Martin Luther King alikuwa Alpha Phi Alpha, ya wanaume. Weusi walianzisha vyao kwa sababu vya wazungu viliwafungia mlango.

Zuwena C
Dada, fomu ya nini hasa? Mtu mzima anasaini mwenyewe. Binti ana umri gani?

Mluguru wa Ohio
Ana 17, anatimiza 18 mwezi wa 11. Sikuona kama ni la kutaja.

Zuwena C
Ndilo la kutaja! Vyama hivyo havina shida na umri kama umeshasajiliwa chuo. Shida ni mkataba: kuna ada, na akishasaini kukubali nafasi hawezi kuhamia chama kingine cha Panhellenic, ule umoja wa sororiti, hapo chuoni kwa mwaka mzima. Aliye chini ya 18 anasainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria. Hapo ni Ohio, majimbo mengine yana yao: Nebraska utu uzima ni 19, Mississippi 21. Wazazi wake wako wapi?

Mluguru wa Ohio
Kaka na wifi walirudi Morogoro, wakaniachia mtoto amalize sekondari. Waliniandikia hati kwa mwanasheria ya mambo ya shule.

Zuwena C
Hati inaishia lini?

Mluguru wa Ohio
Iliisha alipomaliza shule, mwezi wa 6. Lakini jamani, mimi ni shangazi mtu. Shangazi ni baba wa kike. Huyu mtoto akivunja ungo ni mimi niliyekaa naye, si kaka.

Teja Mstaafu
Mnanikumbusha fomu one bweni. Sisi njuka tulikuwa tunawachotea maji fomu foo, usiku unaamshwa uimbe wimbo wa taifa umepanda juu ya sanduku. Mmoja alikuwa ananiita "redio", ananizima na kuniwasha kwa kunifinya sikio. Leo ni mchungaji, tena ndiye aliyenifungisha ndoa. Hakuna fomu aliyosaini mama yangu.

Mama Junia
Teja, wewe ulifinywa sikio. Chuo cha Bowling Green, hapo hapo Ohio, mwaka 2021 kijana alinyweshwa chupa nzima ya pombe kali kwenye fraterniti, chama cha wavulana, akafa. Mwaka huohuo ikapita sheria ya Collin, jina la kijana mwingine aliyekufa kabla yake: kumlazimisha mgeni kunywa mpaka akadhurika vibaya ni kosa la jinai zito. Na pombe Marekani ni miaka 21, fomu haibadilishi hilo. Muulize binti wanakunywa nini kwenye hiyo nyumba.

Mluguru wa Ohio
Ni ya wasichana, na ndani ya nyumba pombe marufuku. Nimeuliza kabla sijasaini.

Mzee wa Buguruni
Kabla HUJASAINI?

Mluguru wa Ohio
Nimesaini, ndiyo. Palipoandikwa mzazi au mlezi. Ada ya mwanzo nimelipa kwa kadi yangu, dola 400 na ushee. Ninayelipa ni mimi, ninayempikia ni mimi. Kaka akisikia "nyumba ya wasichana wanaoapishwa usiku" atapanda ndege. Nilichouliza ni kama chama kina ubaya.

Mtumishi Elia
Dada, unamficha baba mtoto wake? Kesho akitaka kuolewa utasaini pia?

Kisu Butu
Mahari atapokea kwa kadi hiyohiyo 😂

Mpimaji
Hii chai, tena ya tangawizi. AKA na vyama wenzake vinane vya Weusi havichukui mtu wa muhula wa kwanza, lazima awe na kredeti za masomo. Mtoto wa 17 yuko chuo? Na ID yake ya humu jamvini imefunguliwa juzi.

Kisu Butu
Leteni maandazi.

Mluguru wa Ohio
AKA kaitaja Mzee, si mimi. ID mpya kwa sababu ya zamani shemeji zangu wanaijua.

Zuwena C
Mpimaji, vya Panhellenic vinachukua wa mwaka wa kwanza, na watoto wengi huku wanaanza chuo na 17. Chai au si chai, saini yake bila hati haina nguvu. Ofisi wakigundua watataka ya baba, na siku hizi inasainiwa kwenye simu, hata akiwa Morogoro.

Mpimaji
Apige simu chuoni basi tuone.

Zuwena C
Akipiga hataambiwa kitu. Sheria ya FERPA ya 1974 inampa mwanafunzi wa chuo haki ya taarifa zake za masomo hata kama hajafika 18.

Mluguru wa Ohio
Kwa hiyo kaka hawezi kuambiwa?

Mama Junia
Mwanamke wewe! Hilo ndilo ulilolisikia?

Mluguru wa Ohio
Nauliza tu. Huko sasa hivi ni alfajiri, nitampigia wifi kwanza. Yeye alisoma bweni.

Teja Mstaafu
Wapi? Mwaka gani?